Jeni Zinazonukuliwa kwa Pamoja katika Bakteria Waletao Magonjwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa baiolojia, wataalamu wa maabara na msomaji yeyote aliyekutana na neno operoni akataka kujua linahusiana vipi na mtu anayeugua. Msimamo wa mwandishi ni kwamba jeni ya bakteria haieleweki vizuri ikitengwa na jirani zake, na kwamba maswali mengi kuhusu ukali wa ugonjwa na usugu wa dawa hujibiwa mahali unukuzi, yaani kunakiliwa kwa jeni kuwa RNA, unapoanzia, si ndani ya jeni peke yake.

Operoni ni nini?

Operoni ni kundi la jeni zilizopangwa mfululizo kwenye DNA na kunukuliwa kwa pamoja kutoka sehemu moja ya kuanzia, iitwayo promota. Kimeng'enya kinachonukuu, yaani polimerasi ya RNA, hushika promota, huanza safari, kisha hupita jeni ya kwanza, ya pili na ya tatu bila kushuka njiani hadi kifike kwenye kikomo. Kinachopatikana ni uzi mmoja mrefu wa RNA mjumbe wenye maelekezo ya protini kadhaa. Polimerasi haiitambui promota yenyewe. Huongozwa na protini iitwayo sigma, ambayo katika promota za kawaida hutafuta vipande viwili vifupi vya DNA vilivyo takribani besi (herufi za DNA: A, T, G na C) 10 na 35 kabla ya mahali unukuzi unapoanza. Karibu na hapo ndipo protini za udhibiti hujibandika, ama kuizuia polimerasi isipite, ama kuivuta ianze kazi.

Wazo hili lilitoka wapi?

Lilitoka katika Taasisi ya Pasteur jijini Paris. Neno operoni lilitumika kwa mara ya kwanza mwaka 1960, na mwaka uliofuata François Jacob na Jacques Monod wakatoa maelezo kamili ya jinsi bakteria *Escherichia coli* anavyowasha jeni za kumeng'enya laktosi pale tu sukari hiyo inapopatikana. Mwaka 1965 wawili hao, pamoja na André Lwoff, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba. Katika mfano wao jeni tatu, *lacZ*, *lacY* na *lacA*, hunukuliwa pamoja, na protini inayotokana na jeni ya *lacI* hukaa kwenye DNA kuzuia njia. Laktosi ikiingia, sehemu yake hugeuzwa kuwa alolaktosi, nayo huishika protini hiyo na kuifanya iachie.

Mfano huo ni mzuri, lakini kwa maoni yangu umefundishwa kupita kiasi. Wanafunzi wengi huondoka darasani wakiamini kwamba kila operoni ina mlinzi mmoja anayesubiri sukari moja, ilhali operoni za bakteria waletao magonjwa husikiliza mambo mengi kwa wakati mmoja.

Kwa nini bakteria huweza kuweka protini kadhaa kwenye uzi mmoja, na seli za binadamu kwa kawaida haziwezi?

Tofauti iko katika namna ribosomu, mtambo wa seli unaosoma RNA mjumbe na kutengeneza protini, inavyotafuta mahali pa kuanzia. Katika seli zetu, ribosomu kwa kawaida hukamata ncha ya mbele ya RNA mjumbe na kusonga hadi ikute alama ya kuanzia, kwa hiyo jeni ya pili kwenye uzi huohuo ingebaki bila msomaji. Ribosomu ya bakteria inaweza kutua katikati ya uzi, kwa sababu kabla ya jeni nyingi kuna kipande kifupi cha RNA kinachoshikamana nayo moja kwa moja. Zaidi ya hayo, bakteria hana kiini cha seli kinachotenganisha unukuzi na utengenezaji wa protini, hivyo ribosomu huanza kusoma uzi ungali unatoka kwenye polimerasi.

Jeni zikinukuliwa pamoja, je, protini zake hutengenezwa kwa kiasi kilekile?

Si lazima, na sumu ya kipindupindu ndiyo inayolionyesha jambo hili vizuri. Sumu hiyo hutengenezwa na *Vibrio cholerae* kutokana na jeni mbili zilizofuatana, *ctxA* na *ctxB*. Molekuli moja ya sumu ina kipande kimoja cha A na vipande vitano vya B: vile vitano hupangika kama pete na kushikilia ukuta wa utumbo, na kile kimoja huingia ndani ya seli na kuifanya imwage chumvi na maji bila kukoma. Kwa hiyo bakteria anahitaji B nyingi kuliko A, ingawa nakala za jeni zote mbili ziko sawa kwa sababu zimo kwenye uzi mmoja.

Suluhisho lake limo kwenye uzi wenyewe. Mahali ribosomu inapotua kabla ya *ctxB* panaishika kwa nguvu zaidi kuliko panapotangulia *ctxA*, na hivyo jeni ya pili husomwa mara nyingi zaidi. Tukisogea karibu zaidi tunaona kwamba jeni hizo mbili hazina hata nafasi katikati: mwisho wa *ctxA* na mwanzo wa *ctxB* vinagawana besi nne, ATGA, ambamo ATG ni alama ya kuanza jeni ya pili na TGA ni alama ya kumaliza jeni ya kwanza. Kwa kuwa alama hizo zimeingiliana, ribosomu inayomaliza kazi ya A hujikuta palepale pa kuanzia kazi ya B.

Herufi kama *ctxAB* au *mtrCDE* husomwaje?

Herufi tatu ndogo hutaja kazi au familia, na kila herufi kubwa hutaja jeni moja. Zikiandikwa kwa pamoja, mara nyingi mwandishi anamaanisha kwamba jeni hizo zimefuatana kwa mpangilio huo na kwamba hunukuliwa pamoja. Mpangilio haufuati alfabeti kila mara: katika *Staphylococcus aureus* kuna operoni inayosomeka *agrBDCA*, kwa sababu majina yalitolewa kwa utaratibu mwingine na jeni zikabaki zilipo.

Operoni, reguloni na kisiwa cha jeni za ugonjwa vinatofautianaje?

Operoni ni jeni zilizo kwenye uzi mmoja. Reguloni ni operoni na jeni nyingi, pengine zilizotawanyika kwenye kromosomu nzima, zinazotii mdhibiti mmoja. Kisiwa ni eneo la DNA, kubwa mara nyingi, lililoingia kutoka nje likiwa limebeba operoni kadhaa kwa mkupuo.

Maneno haya huchanganywa sana, hata na watu wazoefu. Aina za *E. coli* zinazobandika kwenye utumbo na kuharibu vinyweleo vyake vidogo zina kisiwa kiitwacho LEE, chenye urefu wa takribani besi 35,000 na jeni zipatazo 41. Sehemu kubwa ya jeni hizo imepangwa katika operoni tano, zinazoitwa LEE1 hadi LEE5. Jeni ya kwanza ya LEE1 hutengeneza protini iitwayo Ler, na protini hiyo huenda kuwasha operoni nyingine za kisiwa hichohicho.

Bakteria hutambuaje kwamba sasa yumo ndani ya mwili?

Hili ndilo swali zito kuliko yote katika ukurasa huu. Kutengeneza sumu na sindano za kudungia seli ni kazi ghali. Bakteria anayeifanya akiwa kwenye maji au udongo hupoteza nguvu bure na hushindwa na wenzake. Kwa hiyo operoni za ugonjwa hubaki zimefungwa hadi dalili kadhaa zikutane.

Dalili mojawapo ni joto. *Yersinia pestis*, bakteria wa tauni, huishi ndani ya kiroboto kwenye joto la chini kuliko la mnyama mwenye damu moto. Jeni zake *yscW* na *lcrF* hunukuliwa pamoja, na katikati yake, kwenye uzi wa RNA, kuna kipande kinachojikunja na kufunika mahali ribosomu inapopaswa kutua kabla ya *lcrF*. Joto likifika nyuzi 37 za Selsiasi mkunjo huo hulegea, ribosomu hutua, protini ya LcrF hupatikana, nayo huwasha operoni za mfumo wa kudunga protini ndani ya seli za kinga. Hapa uzi wa RNA wenyewe ndio kipimajoto, na hakuna protini nyingine inayohitajika kuhisi. *Listeria monocytogenes* ana kipimajoto cha aina hiyo mbele ya jeni ya *prfA*, ambayo husimamia jeni anazotumia kutoroka ndani ya seli na kuhamia seli ya jirani.

Dalili nyingine ni idadi ya wenzake. Operoni ya *agrBDCA* ya *Staphylococcus aureus* ina mfumo mzima wa mawasiliano. AgrD ni mnyororo mfupi wa asidi amino, AgrB huukata na kuutoa nje ya seli, AgrC ni kihisi kilicho kwenye utando kinachoutambua, na AgrA hupokea taarifa kutoka kwa AgrC na kurudi kwenye DNA kuongeza unukuzi wa operoni hiyohiyo. Bakteria wakiwa wachache, ujumbe huo hutawanyika na kupotea. Wakijaa mahali pamoja, kama ndani ya jipu, huongezeka hadi kuwasha mzunguko mzima. AgrA huwasha pia promota ya pili, inayotazama upande wa pili, ambayo huzalisha RNA yenye urefu wa besi 514 iitwayo RNAIII. Hiyo ndiyo inayosababisha sumu nyingi kumwagwa na protini za kujibandika kupunguzwa. Ni vigumu kupata mfano mwingine ambamo sababu ya jeni kukaa pamoja inaonekana waziwazi kiasi hiki: mtoa ujumbe, msafirishaji, msikilizaji na mtekelezaji wote wamo kwenye uzi mmoja.

Kuna pia uhaba wa madini ya chuma, asidi, nyongo na mengineyo. Mara nyingi taarifa hizo hupita kwenye jozi za protini, kihisi kwenye utando na mwenzake anayeshika DNA. Jozi ya PhoQ na PhoP katika *Salmonella* ni mojawapo.

Jeni hizi za ugonjwa zilifikaje ndani ya bakteria?

Nyingi zililetwa. Operoni ya sumu ya kipindupindu imo ndani ya jenomu ya faji, yaani kirusi cha bakteria, kilichojipachika kwenye kromosomu. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1996 na Matthew Waldor na John Mekalanos. Ajabu iliyopo ni kwamba faji huyo huingia kwa kushika vinyweleo ambavyo *Vibrio cholerae* hutumia kukaa kwenye utumbo, na vinyweleo hivyo huwashwa na mdhibiti yuleyule anayewasha sumu, ToxT. Mlango na mgeni vimekuja kutawaliwa na swichi moja.

Aina za *E. coli* zinazosababisha kuhara damu na kuharibu figo zina hali ya hatari zaidi. Jeni za sumu ya Shiga aina ya pili zimepangwa katikati ya jeni ambazo faji huzitumia mwishoni mwa mzunguko wake, wakati wa kuipasua seli. Bakteria akijeruhiwa DNA, faji aliyelala huamka, jeni za mwishoni hunukuliwa kwa wingi pamoja na zile za sumu, kisha seli hupasuka na kumwaga kila kitu. Baadhi ya viuavijasumu huleta jeraha la aina hiyo, na ndiyo sababu madaktari huwa waangalifu sana kutoa dawa hizo kwa mgonjwa mwenye maambukizi haya. Mpangilio wa jeni kwenye DNA umefika hadi kwenye uamuzi wa daktari.

Visiwa vikubwa vya jeni mara nyingi hutambulika kwa muundo wa besi usiofanana na wa kromosomu inayovizunguka. Kile cha LEE kina takribani asilimia 38 ya besi za G na C, wakati kromosomu ya *E. coli* ina takribani asilimia 51. Bakteria naye hulitambua hilo: protini iitwayo H-NS hujibandika kwenye DNA yenye A na T nyingi na kuinyamazisha, hadi mdhibiti mwingine aje kuiondoa.

Je, jeni zilizo jirani na zenye mwelekeo mmoja ni operoni moja daima?

Hapana. Ujirani ni dokezo tu. Inakadiriwa kwamba takribani nusu ya jeni za bakteria zimo katika operoni zenye jeni zaidi ya moja, lakini mipaka yake hubadilika kulingana na mazingira. Mwaka 2010 ulipochapishwa uchunguzi wa RNA yote ya *Helicobacter pylori*, bakteria wa vidonda vya tumbo, zilionekana sehemu za kuanzia unukuzi zipatazo 1,900 katika jenomu ndogo ya besi milioni 1.67, zikiwamo nyingi zilizo katikati ya operoni na nyingine zilizoelekea kinyume na jeni zenyewe.

Mpangilio huu unahusianaje na usugu wa dawa?

Unahusiana kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kwamba usugu unaohitaji hatua kadhaa huweza kuhama ukiwa mzima. Vankomisini huua bakteria kwa kushika ncha ya vipande vya kujengea ukuta wa seli, ncha yenye asidi amino mbili za alanini. Enterokoki wenye operoni ya *vanHAX* huibadilisha ncha hiyo: VanH hutengeneza lakteti, VanA huiunganisha na alanini badala ya alanini ya pili, na VanX huharibu vipande vya zamani ambavyo dawa ingeviona. Kukosekana kwa mojawapo ya protini hizo kungeufanya usugu upungue sana au usiwepo. Kwa kuwa zimo kwenye operoni moja, na operoni imo kwenye kipande cha DNA kinachoweza kuruka kutoka sehemu moja hadi nyingine, bakteria anayeipokea hupata mbinu yote siku moja, pamoja na kihisi VanS na mdhibiti VanR wanaohakikisha kwamba inawashwa dawa ikiwepo.

Njia ya pili ni ya kimyakimya zaidi, na mfano wake ni kifua kikuu. Isoniazidi, baada ya kuamshwa na kimeng'enya cha KatG, hushambulia protini ya InhA. Jeni ya *inhA* inafuata *fabG1* na hunukuliwa nayo kutoka promota iliyo mbele ya *fabG1*. Badiliko la besi moja tu kwenye eneo hilo, C kuwa T katika nafasi ya 15 kabla ya jeni, huongeza unukuzi. InhA huwa nyingi, na kipimo cha kawaida cha dawa huzidiwa. Etionamidi, ambayo nayo hulenga InhA, hudhoofika pia, ingawa mgonjwa pengine hajawahi kuitumia. Anayesoma jeni ya *inhA* pekee hataona kasoro yoyote, na ndiyo maana vipimo vya vinasaba vya usugu wa isoniazidi huangalia promota hiyo pamoja na *katG*.

Kuna kisa cha ajabu zaidi katika operoni hiyohiyo. Badiliko moja ndani ya *fabG1*, kwenye kodoni (besi tatu zinazotaja asidi amino moja) ya 203, haligusi asidi amino hata moja: ilikuwa lusini na hubaki lusini. Kwa macho ya kawaida ni badiliko la kupuuzwa. Hata hivyo, linatengeneza promota mpya katikati ya jeni ya kwanza, nayo humnukuu jirani, *inhA*, kwa wingi. Binafsi siuamini tena uchambuzi unaotupa kando mabadiliko yote ya namna hiyo bila kutazama jeni inayofuata.

Watafiti huthibitishaje kwamba jeni mbili zinanukuliwa pamoja?

Njia ya kawaida ni kuchukua RNA, kuigeuza kuwa DNA kwa kimeng'enya cha unukuzi wa kinyume, kisha kufanya PCR, yaani kuzidisha kipande cha DNA, kwa praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia) zinazovuka mpaka: moja ndani ya jeni ya kwanza, nyingine ndani ya jeni ya pili. Kipande kikipatikana, uzi mmoja ulipita juu ya mpaka huo. Ni lazima sampuli nyingine ya RNA ileile ipitishwe bila kile kimeng'enya, kwa sababu mabaki kidogo ya DNA ya bakteria hutoa mstari uleule kwenye jeli. Mstari uliokosa sampuli hiyo ya kulinganishia hauthibitishi chochote. Siku hizi husomwa RNA yote ya seli kwa pamoja, na mashine zinazosoma nyuzi ndefu huonyesha moja kwa moja uzi ulianzia wapi na kuishia wapi.

Kwa nini kuharibu jeni moja ya operoni huweza kumpotosha mtafiti?

Kwa sababu jeni za nyuma yake huathirika pia. Alama ya kusimama ikiwekwa mapema ndani ya jeni ya kwanza, ribosomu huanguka, uzi hubaki wazi, na protini iitwayo Rho huweza kuushika na kukatisha unukuzi kabla ya kufika jeni ya tatu. Mtafiti akitangaza kwamba jeni ya kwanza ndiyo inayoleta ugonjwa, huenda aliyekosekana alikuwa wa tatu. Dawa ya tatizo hili ni kukata jeni kwa namna isiyovuruga usomaji wa zinazofuata, kisha kuirudisha jeni hiyo peke yake kwenye plasmidi, kipande kidogo cha DNA kilicho nje ya kromosomu, na kuona kama ukali wa bakteria unarudi.

Je, unukuzi wenyewe unaweza kulengwa na dawa?

Tayari unalengwa. Rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, hushika kipande cha polimerasi kinachotokana na jeni ya *rpoB* na kuziba njia ambayo RNA changa ingepitia. Usugu wake hutokana zaidi na mabadiliko katika eneo la besi 81 tu ndani ya jeni hiyo, na *rpoB* yenyewe hunukuliwa pamoja na *rpoC*, jeni ya kipande kingine cha polimerasi ileile.

Kulenga swichi ya operoni moja badala ya polimerasi nzima ni wazo jipya zaidi. Mwaka 2005 ilitangazwa molekuli iitwayo virstatini, inayomzuia ToxT wa *Vibrio cholerae* asifanye kazi. Bakteria huendelea kukua, lakini hakuna sumu wala vinyweleo vya kujibandikia, na katika panya wachanga uwezo wake wa kukaa kwenye utumbo ulipungua. Faida inayotarajiwa ni kwamba bakteria asiyeuawa hasukumwi sana kujenga usugu. Ugumu wake ni kwamba dawa ya namna hiyo sharti ifike kabla swichi haijawashwa, na mgonjwa wa kipindupindu huja kutibiwa sumu ikiwa tayari imeingia ndani ya seli za utumbo.